Daraja la kifaa tiba si daraja la amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, ni nadra siku hizi kuingia katika nyumba ya mjini ukakosa kifaa tiba. Mzee ana mashine ya kupima presha, mama ana kipima sukari na vijiti vyake, mtoto ana kipimajoto, na kwenye droo kuna kile kidude cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni, ambacho wengi wetu tulikinunua wakati wa korona. Tukienda hospitali tunakutana na bomba la sindano, mipira ya kupitishia mkojo, vyuma vya kuungia mifupa, mashine za kupumulia na valvu za moyo. Tunavikabidhi miili yetu vitu hivi bila kuuliza lolote. Je, ni nani aliyevikagua kabla havijatufikia? Alivikagua kwa kipimo gani? Na akishavigonga muhuri, ni nani anayebaki na dhima mbele ya Allah?

Nimelazimika kuandika juu ya jambo hili kwa sababu ya swali nililoulizwa baada ya darsa la fiqhi ya biashara. Ndugu mmoja, mfanyabiashara anayeagiza glavu, pamba na bandeji kutoka nje, aliniambia hivi: "Ustadhi, mzigo wangu mimi ni wa daraja la chini kabisa la hatari, daraja A. Serikali yenyewe haiusumbui sana. Vibali ninavyo. Je, baada ya hapo bado kuna kitu ninadaiwa?"

Ni swali zuri, na si la kujibiwa kwa haraka. Kwanza tufahamu hayo madaraja yenyewe ni kitu gani.

MADARAJA YAMEPANGWAJE?

Hapa Tanzania vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa ikiitwa TFDA na kusimamia chakula pia. Vifaa hupangwa katika madaraja manne, A, B, C na D, kwa kufuata mfumo uliokubaliwa na wataalamu wa nchi nyingi. Daraja A ni hatari ndogo, kama vile kijiti cha kubinyia ulimi anachotumia daktari kutazama koo. Daraja B ni kama sindano ya kuchomea. Daraja C ni kama mashine ya kupumulia au chuma cha kuungia mfupa. Daraja D ni hatari kubwa kabisa, mfano valvu ya moyo au kifaa cha kurekebisha mapigo kinachopandikizwa kifuani. Umoja wa Ulaya nao una madaraja manne ingawa majina yake ni mengine, na Marekani ina matatu.

Daraja halipangwi kwa bei ya kifaa wala kwa ukubwa wake. Yapo maswali yanayoulizwa. Je, kifaa kinaingia mwilini au kinagusa ngozi tu? Kikiingia kitakaa kwa muda gani: chini ya dakika 60, hadi siku 30, au zaidi ya hapo? Je, kinagusa moyo, mishipa mikuu ya damu au ubongo? Je, kinatumia umeme au nguvu nyingine? Je, kina dawa ndani yake? Kadiri majibu yanavyoelekea kwenye hatari, ndivyo daraja linavyopanda, na ndivyo mtengenezaji anavyotakiwa kuleta ushahidi mwingi zaidi kabla ya kuruhusiwa kuuza. Na kifaa kikiangukia katika kanuni mbili zinazopishana, hufuatwa ile iliyo kali zaidi. Mwanafunzi wa fiqhi hapa ataona kitu anachokijua, nacho ni ihtiyati, yaani kuchukua upande wa tahadhari.

Kuna jambo jingine ambalo Muislamu halimpiti. Daraja hutegemea matumizi aliyoyakusudia mtengenezaji mwenyewe. Yaani kabla ya yote huulizwa nia. Sasa anayeulizwa nia ndiye huyo huyo ambaye daraja likishuka atapunguziwa gharama, muda na maswali. Hapa ndipo mtihani unapoanzia.

JE, NI HAKI KUPANGA MADARAJA?

Huenda msomaji akasema: Qur'an inatufundisha katika Suratul Maidah kwamba kuua nafsi moja bila ya haki ni sawa na kuwaua watu wote, na kuihuisha moja ni sawa na kuwahuisha wote. Kama nafsi ya mwanadamu ni moja na thamani yake haina kipimo, vipi tukague kifaa hiki sana na kile kidogo? Si bora vyote vikaguliwe kwa kiwango cha juu kabisa?

Hoja hii inavutia, lakini ina kasoro. Kinachopangwa katika madaraja ni uzito wa ushahidi unaodaiwa, si thamani ya mgonjwa. Na sheria yetu nayo imefanya hivyo. Katika kuandikiana deni tumeelekezwa kuweka mashahidi wawili. Katika tuhuma ya zinaa wametakiwa wanne, na anayetuhumu bila ya kuwaleta ndiye anayeadhibiwa. Je, ina maana kwamba haki ya mtu katika mali yake ni kitu cha mzaha? La hasha. Ni kwamba kosa la deni hurekebishika, mali ikarudi kwa mwenyewe, ambapo heshima ya mtu ikishavunjwa hairudi kirahisi. Ushahidi umeongezwa pale ambapo kosa halina marejeo.

Na ndivyo ilivyo katika bidhaa. Fiqhi ya biashara imempa mnunuzi khiyari ya aibu. Ukinunua kitu ukakikuta na kasoro iliyofichwa, una haki ya kukirudisha na kupewa fedha zako. Haki hii ina sharti ambalo kwa kawaida hatulitaji kwa sababu liko wazi mno: kitu chenyewe kiwe kinarudishika. Viatu vinarudishika, na redio pia. Je, valvu iliyoshonwa ndani ya moyo itarudishwaje dukani? Mgonjwa hakuiona, hakuichagua, alikuwa amelala usingizi wa dawa ilipowekwa, na kuitoa ni kuhatarisha roho yake mara ya pili. Kwake yeye khiyari imekwisha kufa kabla ya kuzaliwa. Ni uadilifu basi kwamba ukaguzi ambao mnunuzi wa viatu anaufanya mwenyewe baada ya kununua, mnunuzi wa valvu afanyiwe na wengine kabla ya kuuziwa. Hii kwa maoni yangu ndiyo hekima ya madaraja: pale mgonjwa asipoweza kuona, kukataa wala kurudisha, mzigo wa kuthibitisha umuelemee zaidi anayeuza.

Ama kuvikagua vyote kwa ukali wa daraja D, hiyo nayo ni dhara. Kama bandeji itasubiri miaka ya majaribio kama valvu, bandeji itauzwa kwa bei ya valvu, na wa kwanza kuikosa ni maskini. Umoja wa Ulaya ulipokaza sheria yake ya vifaa tiba, sheria iliyopitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika Mei 2021, ililazimika mwaka 2023 kusogeza muda wa mpito hadi mwisho wa 2027 kwa vifaa vya hatari kubwa na mwisho wa 2028 kwa vingine, kwa kuchelea hospitali zisikose vifaa. Wanazuoni wametufundisha kwamba madhara mawili yakikutana huchukuliwa lililo jepesi. Kupanga madaraja ni kuifanyia kazi kanuni hiyo.

Wala tusidhani kwamba fikra hii imezaliwa Ulaya. Katika miji ya Waislamu alikuwako muhtasib, msimamizi wa hisba, aliyekagua mizani na bidhaa za sokoni. Ash-Shayzari, aliyeandika Sham katika karne ya 12, ameweka katika kitabu chake cha hisba mlango unaohusu matabibu, waganga wa macho, waunga mifupa na wapasuaji. Kila kundi limewekewa mtihani wake. Mganga wa macho alitahiniwa kwa kitabu cha Hunayn bin Is-haq kuhusu jicho, na hakuachiwa kufanya kazi mpaka afaulu. Na kabla ya hapo yamepokewa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayejiingiza katika utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo, akadhuru, analibeba dhara hilo.

Marekani kwa upande wake ilijifunza kwa machungu. Kuanzia mwaka 1971 kiliuzwa kitanzi cha uzazi kilichoitwa Dalkon Shield. Wakati ule sheria haikumdai mtengenezaji wa kifaa kama hicho athibitishe usalama wake kabla ya kukiuza. Wanawake zaidi ya milioni 2 wa nchi hiyo waliwekewa, na kilipelekwa nchi nyingine pia. Yakafuata maambukizi ya kizazi, ugumba na vifo, na mwaka 1974 kikasimamishwa kuuzwa humo. Mwaka 1976 ndipo ilipopitishwa sheria iliyoweka madaraja matatu. Kwa hiyo asiyataka madaraja na autazame ulimwengu ulivyokuwa kabla yake.

DARAJA LA JUU LILIPODANGANYWA

Sasa turudi kwenye swali la ndugu yetu, na tulianze kutoka juu. Je, kifaa kikiwa daraja la juu kabisa, kikakaguliwa na kugongwa muhuri, dhima imekwisha?

Ufaransa kulikuwa na kampuni iliyoitwa PIP, ikitengeneza vifuko vya silikoni vya kuwekwa kwenye matiti. Wako waliovihitaji baada ya kukatwa titi kwa saratani, na wako waliotaka urembo. Hukumu ya urembo huo si mada yetu leo. Vifuko hivyo viliwekwa katika daraja la juu kabisa la Ulaya mwaka 2003, na taasisi maarufu ya ukaguzi ya Ujerumani, TÜV Rheinland, ndiyo iliyokuwa ikiukagua mfumo wa ubora wa kampuni hiyo. Muhuri ulikuwepo. Lakini ndani ya vifuko vingi haikuwamo silikoni ya tiba. Ilikuwamo silikoni ya viwandani, iliyo rahisi kwa bei. Wakaguzi walipokuja, kwa taarifa ya mapema, mapipa yalikwisha kufichwa. Machi 2010 mamlaka ya Ufaransa ilipoingia kiwandani ndipo siri ilipofichuka. Wanawake takribani 300,000 katika nchi nyingi za dunia walikuwa wamekwisha kuwekewa. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 4.

Hilo ni la mdanganyifu, na hukumu yake iko wazi. Linalonishughulisha zaidi ni la mkaguzi. Wanawake walipoishtaki taasisi ile, swali lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Februari 2017 mahakama ilisema kwamba kwa sheria iliyokuwepo, mkaguzi hakuwa na wajibu wa jumla wa kufika kwa kushtukiza wala wa kuvipima vifaa vyenyewe. Ila akipata dalili kwamba mambo si sawa, hapo alitakiwa kuchukua hatua. Baadaye, Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ya Paris iliona kwamba taasisi hiyo ilizembea.

Msomaji azingatie tofauti hii. Sheria ilimwambia mkaguzi aangalie makaratasi, naye akaangalia makaratasi. Kisheria mtu anaweza kusimama hapo. Lakini amana inauliza swali jingine: muhuri wako ulimwambia nini yule mwanamke aliyeuamini? Haukumwambia kwamba makaratasi yako sawa. Ulimwambia kwamba kitu kilichomo ni salama. Anayejua kwamba watu wanauelewa muhuri wake zaidi ya alichokikagua, kisha akanyamaza na kupokea malipo, huyo amepata nafuu ya sheria tu. Na kwa kutambua hilo, sheria mpya ya Ulaya imelazimisha ukaguzi wa kushtukiza.

QIYASI JUU YA QIYASI

Mfano wa pili unatoka Marekani. Huko vifaa vingi vya daraja la kati haviingii sokoni kwa kujaribiwa upya kwa wagonjwa. Mtengenezaji huonyesha kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Hii ni aina ya qiyasi, na qiyasi kwa asili yake si kosa, maana mashine mpya ya presha inayofanana na ya jana haina haja ya kuanza alifu.

Lakini wanazuoni wa usuli wameiwekea qiyasi mipaka. Wengi wao wanasema kile kinachofanywa asili kiwe kimethibiti chenyewe, kisiwe nacho kimepatikana kwa qiyasi, kwani ukipanga qiyasi juu ya qiyasi utafika mbali na ulipoanzia bila kujitambua. Ndivyo yalivyotokea kwenye nyonga bandia ya chuma kwa chuma ya kampuni ya DePuy, iliyoitwa ASR. Ile iliyouzwa Marekani iliruhusiwa mwaka 2005 kwa njia ya kufanana. Agosti 2010 ilirudishwa duniani kote, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wengi mno wanalazimika kupasuliwa upya. Watafiti walipofuatilia nasaba yake, hiki kinafanana na kile, na kile na kile, walirudi nyuma zaidi ya miongo mitano, na miongoni mwa mababu zake vilikuwamo vifaa vilivyokwisha kuachwa kwa sababu vilishindwa. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Nyonga yenyewe, kama ilivyouzwa, haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa wagonjwa kabla ya kuuzwa.

KIPIMO KILICHOPIMWA KWA NANI?

Mfano wa tatu unatuhusu sisi moja kwa moja. Kile kidude cha kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga katika ngozi. Marekani kiko daraja la kati. Desemba 2020, korona ikiwa imepamba moto, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa uchunguzi wao katika jarida la tiba la New England. Walilinganisha usomaji wa kidude na kipimo cha damu yenyewe, wakakuta kwamba kidude kiliposema hali ni nzuri wakati oksijeni imeshuka kwa hatari, kosa hilo liliwapata wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya weupe.

Je, kifaa hicho hakikuwa na kibali? Kilikuwa nacho. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliridhika watu wenye ngozi nyeusi sana wakiwa angalau 2, au asilimia 15 ya wanaojaribiwa. Watu 2! Januari 2025 ndipo ilipotolewa rasimu ya mwongozo mpya unaotaka kijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali. Ukishaambiwa hatari ni ya wastani, ni lazima uulize: ya wastani kwa nani?

Na hapa kuna funzo kwa nchi zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zenye uwezo mdogo zitegemee kazi iliyokwisha kufanywa na mamlaka za nchi nyingine, na ushauri huo una busara, kwa sababu kurudia kila jaribio ni israfu na ni kumchelewesha mgonjwa. Lakini anayetegemea macho ya mwenzake ni lazima ajue mwenzake alitazama nini. Kibali kilichotolewa kwa kupima watu wachache wanaofanana nasi kinahitaji kuulizwa swali kinapofika bandarini kwetu. Kuuliza huko si ukaidi wala si chuki kwa Wazungu. Allah (S.W.) ametujaalia tofauti za rangi na ndimi kuwa ni katika ishara zake, na anayetengeneza kipimo cha kuuzia watu wote ana wajibu wa kuzijua tofauti hizo.

JIBU KWA MWENYE KUULIZA

Sasa tushuke hadi daraja la chini kabisa, kwenye mzigo wa ndugu yetu. Huku ukaguzi ni mdogo, na kwa Ulaya vifaa vingi vya daraja hili mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Maana ya hilo ni nini? Ni kwamba jamii imeangalia hatari ya kitu, ikaona haina haja ya kukulinda dhidi yake kwa gharama kubwa, ikakuachia wewe muuzaji. Yaani amana ambayo kwa valvu imegawanywa baina ya mtengenezaji, mkaguzi, mamlaka na daktari mpasuaji, kwa glavu sehemu kubwa yake imebaki mikononi mwako. Ukaguzi wa serikali ukipungua, dhima yako binafsi ndiyo inayoongezeka. Ndugu yetu alidhani kinyume chake.

Na mfano upo. Wakati wa korona, glavu zilipoadimika duniani na taratibu za kuziingiza zikalegezwa, vyombo vya habari viliripoti mwaka 2021 kwamba glavu zilizokwisha kutumika zilikusanywa Thailand, zikafuliwa, zikatiwa rangi, zikapakiwa upya na kuuzwa Marekani kama mpya. Glavu ni daraja la chini. Lakini muuguzi aliyeivaa akamgusa mgonjwa mmoja kisha akaigusa pua yake, hatari yake ilikuwa ya daraja gani?

Msomaji anaikumbuka hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua imeinyea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu watu waione, na akaambiwa kwamba mwenye kughushi si miongoni mwetu. Tuangalie mambo mawili katika tukio hilo. Bidhaa ilikuwa nafaka ya kawaida kabisa, na tukiipa madaraja ya leo ingekuwa A. Na Mtume (s.a.w.) hakutosheka na juu ya rundo, aliingiza mkono. Leo rundo letu ni kontena, na juu yake ni cheti.

Kwa hiyo ndugu yangu, jibu langu ni hili. Cheti chako ni halali na ni wajibu, na kuagiza bila hicho ni dhulma. Lakini daraja limegawa ukaguzi, halikugawa amana. Mbele ya Allah unadaiwa useme kweli kuhusu kitu unachokiuza na matumizi yake, usikishushe daraja kwa maneno ili kikupitie kirahisi. Unadaiwa ufungue boksi na kutazama, sio kusoma karatasi ya boksi peke yake. Unadaiwa ukijua kasoro uitaje kabla ya mnunuzi kuigundua, na ukiisikia baada ya kuuza uwafuate waliokwisha kununua. Hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu linamtaka mtu aweke kumbukumbu ya nani alimuuzia nini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandikiana deni. Mwenye kuisoma hatashangaa kwamba kuweka daftari ni ibada.

NA SISI TUNAOTUMIA?

Ni rahisi kumaliza hapa kwa kuwalaumu wafanyabiashara. Lakini sisi nasi tuna fungu letu.

Chukua kipima sukari. Katika mfumo wa madaraja manne, kipimo cha sukari cha kutumia mwenyewe nyumbani kiko daraja C, juu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu anayekitumia yuko peke yake, hana mtaalamu wa kumsahihisha, na jibu lake linamfanya achukue hatua papo hapo. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa wa kisukari anakitazama mchana ili ajue kama aendelee na swaumu au afungue. Sheria imempa ruhusa ya kufungua, na ruhusa hiyo sasa imesimama juu ya kijiti kidogo cha plastiki. Kijiti kikiwa kimepitwa na muda, au kimeanikwa juani kwenye meza ya barabarani, kinaweza kumdanganya. Akakaa na njaa akidhani yu salama, akaanguka. Tunaponunua vijiti hivyo kwa kuangalia bei tu, bila tarehe wala chanzo, tunaichezea nafsi na tunaichezea ibada.

Na kifaa kikituharibikia, kwa kawaida tunafanya nini? Tunakitupa, tunanung'unika, tunanunua kingine. Muuguzi naye anaona mpira umepasuka au mashine inasoma uongo, anaiweka pembeni na kuendelea na kazi. Mfumo wote huu wa madaraja unategemea habari hizo zirudi kwa mamlaka. Dalkon Shield, nyonga ya ASR na vifuko vya PIP, vyote vilijulikana kwa sababu wako watu waliosema. Daraja alilopewa kifaa mwanzoni ni makadirio tu ya wanadamu. Kinachoyasahihisha ni ushuhuda wa waliokitumia, na Qur'an imekemea kuficha ushahidi na kumtaja anayeuficha kuwa moyo wake una dhambi.

Basi tuwafundishe vijana wetu wanaosomea udaktari, uuguzi, ufamasia na biashara kwamba taarifa ya kasoro si umbea wala si kumharibia mtu riziki. Wasimamizi wa zahanati na hospitali za Kiislamu nao wawe na daftari la kasoro za vifaa, lisomwe kwenye vikao kama linavyosomwa la mapato, na yaliyomo yafikishwe mamlaka. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji daftari moja, kalamu, na mtu anayemuogopa Allah.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.